Matumba ya Chumba cha Kioo

"Pita nyuma," Mama Okidi aliniambia kupitia kitundu cha geti, kabla sijamaliza kumwamkia. "Mbele ni kwa wageni."

Nikapita nyuma. Ningesemaje? Aliyeitwa kazini hachagui mlango. Lakini miguu yangu iliujua ule mlango wa mbele. Mwaka jana nilikuwa nikiingilia pale, navua viatu vyangu kando ya viatu vya mwanawe, na mama huyuhuyu akiniita mkwe hata kabla wazee hawajakaa kuzungumza. Alikuwa akinitengea kiti cha karibu na dirisha, kile chenye mto, ambacho mtu mwingine hakuthubutu kukikalia.

Halafu nikamwambia ukweli, na kiti nikakikosa.

Mimi ni daktari wa mimea. Watu wakisikia hivyo hucheka, huniuliza kama huwa napima kabichi homa. Nami hucheka nao, yanaisha. Siku ile hakuna aliyecheka. Niliona pete nyeusi kwenye majani ya okidi kongwe za mama, nikayapeleka maabara, yakarudi na jibu ambalo mkulima wa okidi hataki kulisikia: kirusi, hakina dawa, kinasafiri kwenye kisu cha kukatia kutoka mmea hadi mmea. Nikamwambia lazima zichomwe. Kati ya zile za kuchomwa ilikuwemo moja ya maua meupe, ambayo marehemu mumewe alimletea alipojifungua mtoto wao wa pekee. Mama alizichoma zote kwa mkono wake mwenyewe, kwa sababu kazi yake anaijua. Ila tangu siku ile hakuweza tena kunitazama usoni.

"Aliyenichomesha ua la baba yako hatakuwa mama wa watoto wako," alimwambia mwanawe, nami nimesimama palepale.

Na mwanawe, mwanaume niliyempenda mpaka nikawa naona aibu, akainamisha kichwa. Hakusema ndiyo, hakusema hapana. Alisema, "Tumpe mama muda." Muda nikautoa. Nikatoa wiki, nikatoa miezi, nikatoa masika yote na kiangazi chote. Hakuja.

Sasa mama mwenyewe ndiye aliyenipigia simu. "Maua yangu yanakufa tumboni," alisema, kisha akakata.

Nyuma ya nyumba kuna vitalu viwili vya wavu, na katikati yake chumba kidogo cha kioo. Humo ndimo okidi huhamishiwa zikishatoa shina la maua, ili matumba yavimbe taratibu, bila upepo wala jua kali, mpaka yafunguke. Nilipoingia ilibidi nitembee kwa ncha za vidole. Sakafu ilikuwa imetapakaa matumba. Mengine yalikuwa madogo, bado ya kijani. Mengine yalikuwa yamebakiza kidogo tu kufunguka, lakini yakageuka manjano na kudondoka na vikonyo vyake. Juu ya meza mashina yalibaki yamejipinda matupu. Chumba kizima kilinuka dawa ya kunyunyizia, kali hata macho yangu yakaanza kutoa machozi.

"Oda ya hoteli," Mama Okidi alisema nyuma yangu. "Wanakuja kesho kutwa kuangalia. Wasipokuta maua watakwenda kwa mwingine, na hao wakienda hawarudi. Unajua mwenyewe, pasipo hoteli hapa hakuna kitalu."

"Najua, mama."

"Usiniite mama. Niambie ni nini."

Nje ya kioo alisimama mzee Mboji, kofia mkononi. Jina lake halisi sidhani kama kuna anayelikumbuka. Aliitwa Mboji kwa kuwa mikono yake haikosi udongo hata akiwa ametoka kuoga. Ametunza maua ya nyumba hii tangu mpenzi wangu akiwa wa kubebwa mgongoni, na aliyembeba mara nyingi ni yeye. Alinipungia ile kofia, kisha akatazama chini.

"Mbona haingii?" niliuliza.

"Nimemnyang'anya ufunguo tangu wiki iliyopita. Ndiye aliyeniletea magome mapya ya miti ya kupandia okidi, kayatoa kwa mtu nisiyemjua, eti haya ni mazuri kuliko ya zamani. Yameingia na wadudu. Nimewaona kwa macho yangu. Leo jioni anafungasha, nimeshamwambia."

"Baada ya miaka yote hii?"

"Miaka haiangushi matumba, wadudu ndio wanaoangusha." Akanitazama, kwa mara ya kwanza tangu nifike. "Au nimekosea? Si wewe ndiye unayejua kila kitu."

Nikafungua mkoba. Nikatoa karatasi nyeupe, pamba, chupa ya spiriti na kilenzi changu cha kukuzia, chenye mpini wa mbao. Kilenzi hicho nilitengenezewa na mwanawe. Yeye ni fundi miwani, na ndiyo maana kila mtu humwita Fundi, mimi mmojawapo. Alikisaga dukani kwake jioni moja, mimi nimekaa juu ya kaunta nabembeza miguu, akakiweka mbele ya jicho langu na kusema, "Haya, sasa hakuna kitu kitakachojificha kwako." Ningekuwa na akili ningekuwa nimekitupa zamani.

Nilianzia upande wa kushoto, karibu na mlango. Niliweka karatasi chini ya ua moja lililobahatika kufunguka, nikaligonga kwa kidole. Kama kungekuwa na thripsi, wale wadudu wembamba kama kipande cha uzi, wangedondoka na kuanza kutambaa juu ya weupe wa karatasi. Hakudondoka hata mmoja. Nikageuza majani nikitafuta utitiri na yale mabaka ya rangi ya fedha yanayobaki wakishafyonza. Hayakuwepo. Lakini pale jani linapokutana na shina niliona kitu cheupe, mfano wa unga ulionyunyizwa. Vidung'ata, wadudu wanaofyonza utomvu. Nikawagusa kwa pamba yenye spiriti, wakabadilika wakawa rangi ya kutu. Na penye vidung'ata hapakosi sisimizi, maana hawa hutoa utamu na wale huulamba. Msururu wa sisimizi ulikuwa unapanda na kushuka mguu wa meza bila haraka.

"Umeona," mama alisema.

"Nimeona. Wapo."

"Si nilikwambia." Akageukia kioo ili mzee Mboji amsikie. "Daktari kawaona pia!"

Mzee aliigeuza kofia yake mkononi akaigeuza tena.

Hapo ndipo ningesimama kama ningekuwa mvivu. Vidung'ata dawa yao inajulikana: pamba, spiriti, sabuni, subira. Lakini niliendelea, chungu kimoja baada ya kingine, na kadiri nilivyosogea ndivyo roho yangu ilivyozidi kukosa utulivu. Vyungu vyenye vidung'ata vilikuwa bado na matumba mengi. Upande wa kulia, mwisho wa chumba, nilikuta mimea safi kabisa, haina mdudu hata wa kusingiziwa, nayo haikubakiza tumba hata moja. Wadudu walikuwa huku, maafa yalikuwa kule.

"Madirisha ya juu nani kayafunga?" niliuliza.

"Fundi. Kasema usiku kuna baridi, matumba yataumia. Siku hizi ananisaidia sana, kila asubuhi anapita humu kabla hajaenda dukani."

Mwanaume niliyemjua mimi alishawahi kuua mmea wa jangwani kwa kusahau kuumwagilia.

Mlango ukafunguka, naye akaingia. Nilikuwa nimejiandaa kwa wakati huo tangu simu ya mama. Nilipanga nitamtazama mara moja tu, kama mtu anavyotazama saa, niendelee na kazi. Nilimtazama nikashindwa kuondoa macho. Amekonda. Shati lake la bluu, lile nililomchagulia mimi, limepwaya mabegani. Na yeye alinitazama kwa kiu, hata mama yake akakohoa.

"Daktari," alisema.

"Fundi," nilijibu.

Mapenzi ni kikohozi, hayafichiki, wamesema wenyewe, na mle ndani tulikuwa wawili tunaokaribia kupaliwa.

Mama Okidi alitutazama wote wawili. Nilitegemea atamfukuza mwanawe atoke. Badala yake alishika ukingo wa meza, akazungumza polepole huku akiyatazama maua.

"Nilikuchukia, sikufichi. Nilikuwa nikilala nakuona umenishikia kiberiti. Lakini okidi nilizobaki nazo ni nzima kwa sababu ulisema nichome, na wenzangu walioogopa kuchoma, zao zimewaishia zote. Hilo nalijua. Nimekuwa mgumu wa kulisema tu." Akauachia ukingo wa meza. "Malizia kuangalia. Ukishanihakikishia kwamba ni wadudu, nitamalizana na Mboji, halafu uje ndani tunywe chai. Kile kiti bado kipo."

Akatoka. Nilisikia kandambili zake zikiburuzika kuelekea jikoni.

Nisidanganye, nilikitamani kile kiti. Neno moja tu, wadudu, na ningekuwa nimerudi ndani ya nyumba ile. Na neno lenyewe wala halikuwa la kubuni, wadudu walikuwepo. Nikainama kumalizia kona ya mwisho ili niende nikanywe chai yangu.

Ndipo nilipoisikia. Chini kabisa, chini ya ule ukali wa dawa, harufu tamu, nzito, ya kitu kilichopitiliza. Mama asingeweza kuisikia. Miaka aliyonyunyizia dawa bila kufunika pua ilikuwa imeshamwibia kazi ya pua, mwenyewe husema siku hizi anaonja chakula kwa macho. Chini ya meza ya mwisho palikuwa na chungu kikubwa cha udongo kimefunikwa kichwa chini, juu yake limetupwa gunia. Nikalivuta gunia. Vinzi vidogo vikaruka kwenye tundu la chungu.

Nikakiinua. Ndizi. Za chini zimekuwa nyeusi zikitoa maji, za katikati zina madoa, za juu bado za manjano. Pembeni yake papai limelegea limejikalia. Mtu alikuwa anaongeza mpya kila za zamani zinapooza.

"Usimwambie," Fundi alisema.

Sikugeuka mara moja. Niliendelea kuchuchumaa pale, na kitu kikanirudia waziwazi. Mwaka juzi alikuja kwangu na kichane cha ndizi, akakiweka dirishani kando ya okidi yangu iliyokuwa na matumba. Nilimfokea. Nikamweleza kwamba tunda likiiva hutoa hewa, kwamba sisi hatuioni wala hatuisikii, ila tumba linaisikia, linadhani wakati wake umeshapita, linajiachia. Na ukifunga madirisha ndiyo umelimaliza kabisa. Alicheka, akasema kumbe maua nayo yana wivu na matunda. Nikacheka. Tukazila zile ndizi mpaka tumbo likaniuma.

"Ulikumbuka," nilisema.

"Kila ulichowahi kuniambia nakikumbuka."

"Una miguu. Una simu. Nyumbani kwangu unapajua."

"Nilikuwa nakuja." Alichuchumaa mbele yangu, karibu, nikasikia harufu ya sabuni yake. "Nafika kwenye duka la vitambaa, pale kona. Naliona dirisha lako, taa inawaka. Narudi."

"Kwa nini unarudi?"

"Ningekwambia nini? Mama ni yuleyule. Nikasema lazima yeye mwenyewe akuite. Akuhitaji. Matumba yakidondoka machache tu ataogopa, na akiogopa hana wa kumwita isipokuwa wewe. Uje, utibu, akuone tena ulivyo. Na umesikia alichosema sasa hivi? Nimesikia nikiwa nimesimama hapa. Kile kiti bado kipo. Mwaka mzima nasubiri aseme hivyo."

"Machache," nilisema. "Tazama sakafu."

Hakuitazama. "Sikujua yangekuwa mengi hivi."

"Umeua maua ya mama yako ili usikae naye chini ukamwambia neno moja."

Hilo lilimpata. Alifumba macho. Nami, Mungu anisamehe, nilitamani kumshika shavu. Hasira na mapenzi vilikuwa vinagombania mkono uleule.

"Sema ni wadudu," alinong'ona. "Utakuwa hujadanganya, wapo, umewaona na lenzi yako. Leo hii nazitoa hizi ndizi, nafungua madirisha. Yaliyobaki yatapona. Mama atakushukuru wewe. Nitakuja kwenu na wazee wiki hiihii. Nakuomba. Mara ya kwanza ulisema ukweli tukapotezana. Mara hii nyamaza tu."

Nikatazama nje. Mzee Mboji alikuwa anazikusanya fimbo zake za kushikizia mashina, anazifunga kwa kamba moja moja. Alikuwa ameanza kufungasha.

"Na yule?" niliuliza.

"Nitamtafutia kazi. Nina rafiki yangu ana bustani, nimeshazungumza naye."

Alijibu upesi mno. Mimi nilipohitaji neno lake mwaka jana alishindwa kulitoa, lakini hili alikuwa nalo tayari mdomoni. Nilihisi ubaridi unaingia kifuani na kukaa.

"Umeshazungumza naye," nilirudia. "Kwa hiyo ulishampanga."

"Si hivyo..."

"Mzee aliyekubeba mgongoni umempangia, na mimi umenipangia, na mama yako umempangia. Kila mtu ana nafasi yake. Wewe yako iko wapi?"

Kandambili zikasikika zinarudi. Nilisimama. Yeye alibaki amechuchumaa, ameshika ukingo wa kile chungu.

Mama Okidi hakuingia na chai. Alikuwa ameiacha mezani ndani, alisema, tukainywee hukohuko. Uso wake ulikuwa umelainika kidogo, nikauona ule uso wa zamani, na nikajua ninachokwenda kukipoteza kina ukubwa gani.

"Haya, daktari. Ni wadudu?"

"Wadudu wapo, mama," nilisema, na safari hii hakunikataza kumwita hivyo. "Vidung'ata, upande wa mlangoni. Nitakuonyesha namna ya kuwatoa. Ila si wao walioangusha matumba. Pale walipo, matumba mengi yamebaki. Yamedondoka huku, kwa sababu ya hizi."

Nikasogea pembeni ili azione.

Alizitazama ndizi kwa muda. Wala hakuuliza ndizi zinafanya nini. Nikaelewa kwamba alilijua jambo hilo kabla sijazaliwa.

"Humu ndani halijawahi kuingia tunda," alisema. "Nani kaziweka?"

"Mimi najua mimea, mama. Ya watu waulize watu."

Akamwita mzee Mboji kwa kugonga kioo. Mzee akaingia, akafuta miguu kwanza kwa mazoea. Akaziona ndizi. Kisha akamtazama Fundi, ambaye alikuwa amesimama sasa, mikono imening'inia. Nilimwona mzee akielewa. Ilimchukua pumzi moja tu.

"Ni zangu," mzee alisema. "Chakula changu cha mchana. Niliziweka hapo nikazisahau. Nisamehe, mama."

Maji yalikuwa yanadondoka mahali kwenye bomba. Nikamtazama Fundi. Sema, nilimwambia moyoni. Sema sasa. Mdomo wake ulifunguka, ukafunga. Alimtazama mama yake, akanitazama mimi, akatazama sakafu, na nilitamani kumshika mabega nimtikise mpaka neno limdondoke.

"Kama ni zako," Mama Okidi alisema, "basi kafungashe."

Mzee Mboji akavaa kofia yake. Akageuka. Akaufikia mlango, akashika kitasa, akaufungua, na hewa ya nje ikaingia mle ndani. Mguu wake mmoja ulikuwa umeshavuka.

"Mzee, rudi," Fundi alisema. Sauti ilimtoka imekwaruza. "Mama, mzee anadanganya. Ni mimi niliyeweka. Nilitaka matumba yadondoke ili umwite yeye. Mwaka jana nilitakiwa nikwambie kwamba nampenda na nitamwoa, nikashindwa. Nakwambia leo. Nampenda. Na maua yako nimeyaua mimi."

Mama Okidi alivuta ndoo, akaigeuza, akakaa. Nilingoja apige kelele. Hakupiga.

"Nilijua tangu Mboji alipofungua mdomo, nikawa nakungoja wewe," alisema. "Ufunguo nilimnyang'anya, na hizo za juu bado za manjano. Wenye ufunguo ni mimi na wewe." Akatoa ufunguo mfukoni, akamnyooshea mzee bila kumtazama usoni, kwa kuwa aibu nayo ina uzito wake. "Mboji, shika. Kafungue madirisha ya juu. Nimekukosea. Nitalisema vizuri baadaye, sasa hivi sina nguvu."

"Hujanikosea, mama," mzee alisema.

"Nimekukosea, usinibishie." Kisha akamgeukia mwanawe. "Na wewe. Chukua hizo ndizi. Usizitupe. Kakae pale kwenye ngazi za mbele uzile."

"Mama, zimeoza."

"Na matumba yangu yameoza. Zile nyeusi kabisa ziweke kando, sitaki kukuuguza. Zilizobaki kula zote, na papai."

Alizibeba kwenye gunia. Alipopita karibu yangu alisimama kidogo, nikatazama pembeni. Kama ningemtazama ningecheka au ningelia, na sikutaka apate chochote kati ya hivyo viwili.

Tulibaki na mama, tukaanza kuhesabu hasara kwa macho. Nikamwambia upande wa mlangoni utapona ukipata hewa, na wadudu nitakuja kuwatoa kesho mwenyewe. Hoteli itapata maua, lakini si yote, wala si nusu.

"Nitawaambia ukweli," alisema. "Kama niliweza kulichoma lile ua, kuwaambia hoteli hakuwezi kunishinda." Akainuka kutoka kwenye ndoo. Mimi nikafunga mkoba wangu na kushika njia ya mlango wa nyuma.

"Unakwenda wapi?"

"Nilipoingilia."

"Chai inapoa," alisema, akatangulia ndani.

Kiti kilikuwa palepale dirishani, na mto wake umefuliwa. Nilikaa. Kutoka pale nilimwona Fundi kwenye ngazi, ameinama juu ya gunia, anamenya, anatafuna kwa shida. Mzee Mboji alipita na ngazi yake begani, akamtazama, akaendelea na safari yake huku mabega yakimtikisika kwa kicheko.

Mama alinimiminia chai. Tukanywa. Hatimaye akasema, "Amechelewa."

"Amechelewa," nilikubali. "Mguu wa mzee ulikuwa umeshatoka nje, mama. Niliuona."

"Na mimi niliuona." Alipuliza kikombe. "Baba yake alikuwa hivyohivyo. Lile ua jeupe ulilonichomesha, unajua lilifika lini? Nilijifungua, watu wote wamekuja wameondoka, yeye akatokea kesho yake jioni. Eti alikuwa anachagua."

Sikutegemea, nikacheka. Yeye pia, kidogo.

"Ulimsamehe?"

"Nilimfungia mlango. Akakaa nje na ua lake mpaka nikachoka mimi." Aliweka kikombe chini. "Sikwambii umsamehe. Aliyoyafanya kwa Mboji mimi mwenyewe sijui nitayaweka wapi. Nakwambia tu kwamba anafika. Anachelewa, lakini anafika. Wewe ndiye utakayejua kama hilo linakutosha."

Nilikuwa bado na ule ubaridi kifuani, na chini ya ubaridi, bila aibu, palikuwa na yeye, ambaye sikuwa nimefanikiwa kumtoa kwa mwaka mzima.

Mlango wa mbele ukagongwa. Mara mbili, taratibu, kama anavyogonga siku zote.

Mama Okidi alijikanda goti ambalo sikuwahi kusikia likimuuma. "Mimi mguu huu leo haunisaidii," alisema. "Kafungue wewe. Au usifungue."

Nikaenda. Nilisimama mbele ya ule mlango, nikashika kitasa. Upande wa pili nilimsikia anavyohema.

"Umezimaliza?" niliuliza.

"Bado moja. Na kipande cha papai."

"Kamalizie kwanza."

Nilizisikia hatua zake zikirudi kwenye ngazi. Kitasa sikukiachia.